Nilitaka kuiandika Kariakoo kabla sijaijua

Juzi kuna mdogo wangu mmoja anaanza masta ya fasihi, kanipigia anataka kuandika kuhusu Dar es Salaam kwenye fasihi ya Kiswahili, anauliza aanzie wapi. Tukaongea mpaka salio likakata. Baadae nikakaa nikaona bora niandike yote hapa, maana makosa yangu yalinila muda, yakanila hela, na kuna moja lilinipotezea kitu ambacho hata nikilipa nini sikipati tena.

Mimi ni mtu wa Songea. Mpaka naanza masta Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2020 nilikuwa nimeshakaa Dar miaka mitano, ila Dar yangu ilikuwa chuo, Mwenge na Ubungo. Kariakoo nilikuwa naenda kununua vitambaa narudi. Ndo nikaandika propozo kwamba nitachunguza utamaduni na historia ya mji wa Dar kama inavyoonekana kwenye fasihi tangu ukoloni mpaka sasa, kurasa thelathini na kitu, na zaidi ya nusu ni nadharia za Ulaya kuhusu mji kuwa kama maandishi ambayo mtu anaweza kuyasoma. Msimamizi wangu aliisoma yote, akaifunga, akaniuliza, "Umeshawahi kulala Kariakoo hata siku moja?" Nikamwambia hapana. Akasema nenda katembee kwanza, hii tutaongea ukirudi.

Niliumia sana, nilitoka pale machozi yananilenga, niliona kama kazi ya miezi mitatu imetupwa kwa swali moja. Na kwa hasira, badala ya kwenda kutembea, nikaenda maktaba nikakaa huko miezi minne. Naliweka hili mwanzo kabisa kwa sababu kila kilichoniharibikia baadae kilianzia hapo.

Sisemi maktaba ni mbaya. Kitengo cha East Africana pale maktaba ya Mlimani, kinachotunza maandishi ya Afrika Mashariki, ni hazina, nenda. Kuna Mambo Leo, lile gazeti la serikali lililoanza 1923, limejaa mashairi ya wasomaji, watu wanajibizana kwa beti mwezi hadi mwezi. Kuna Kwetu la 1937 la Erica Fiah, yule mfanyabiashara aliyetokea Uganda akaweka maisha Dar, ukilisoma unasikia Mwafrika wa mjini anavyolalamikia mambo ya mji wake kwa sauti yake mwenyewe. Kuna Ngurumo lililoanza 1959. Mtu wa fasihi akifika humo anaweza asitoke. Tatizo ni kwamba nilikuwa nasoma majina ya mitaa bila kujua iko wapi, natafuta Kichwele kwenye ramani ya simu sipati, natafuta Acacia Avenue sipati, basi nikaandika sura nzima kurasa kumi na moja kuhusu "mitaa iliyofutika", kwamba mji umeifuta, kwamba fasihi ndo kaburi lake pekee. Niliipenda sana ile sura.

Mapema 2021 nikaanza kutembea. Siku ya tatu au ya nne hivi nimesimama Mtaa wa Uhuru, jua la saa nane, namuuliza mzee mmoja amekaa na buli lake la kahawa na vikombe vidogo kama anajua Kichwele ilikuwa wapi. Akaniangalia, akasema, "Kichwele si ndo hii umesimama, mwanangu." Kichwele ndo Uhuru! Acacia ikawa Independence Avenue, sasa ni Samora. New Street ndo Lumumba, ambako TANU, chama kilichodai uhuru, ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Hakuna mtaa uliofutika, ilibadilishwa majina tu, na kule kubadilishwa ndo kulikuwa na stori kubwa kuliko ile niliyotunga mimi, maana unaona kabisa nchi inajitafutia ndugu zake, inamtoa mkoloni inamweka Patrice Lumumba, Mkongo aliyeuawa 1961, inamweka Samora Machel wa Msumbiji. Kurasa kumi na moja zikaenda. Kwa hiyo wewe unayeanza, kabla hujasoma chochote tengeneza jedwali la jina la zamani na jina la sasa, ulipeleke kwa mtu aliyezaliwa hapo akuhakikishie. Lakini kwenye ASILI ya majina kuwa makini, kila mtaa Dar una hadithi ya kwa nini unaitwa hivyo, nyingine tamu kweli, na watu watatu kukwambia hadithi moja haimaanishi ndivyo ilivyokuwa. Ziandike kama hadithi za watu, ni fasihi simulizi zile, zina thamani yake hapohapo.

Kutembea kukanifungua macho na kwa vitu nilivyokuwa nimeshavisoma. Mfano Mnazi Mmoja. Kwenye rasimu nilikuwa nimeandika ni sehemu ya mapumziko ambako wahusika wanapenda kukutana. Sasa toka posta tembea kwa miguu uelekee Kariakoo, usipande gari, utapita maghorofa ya katikati ya mji, utapita Uhindini na balkoni zake, halafu ghafla uwanja mtupu, halafu ndo unaingia Kariakoo. Ule uwanja ni mpaka. Wajerumani walianza na kanuni za ujenzi za 1891, kwamba nyumba za aina hii zijengwe huku na za aina ile kule, Waingereza wakaja wakaukaza zaidi, Uzunguni baharini, Uhindini katikati, Uswahilini ng'ambo, na pale kati pakaachwa wazi makusudi. Kwa hiyo mhusika akivuka Mnazi Mmoja jioni kwenda upande wa pili hafanyi matembezi, kuna kitu anakifanya, na msomaji wa miaka hiyo alikuwa anakielewa bila kuambiwa. Mimi nilikisoma mara tatu kwenye karatasi nisikione, miguu ndo ilinionyesha.

Kingine ni Sanamu ya Askari pale Samora. Hata wewe umeshapita hapo mara mia. Simama siku moja usome. Iliwekwa 1927, maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, maneno ni ya Rudyard Kipling, na yanawataja na wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Kabla yake hapohapo palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, Waingereza walipouchukua mji Septemba 1916 wakaiondoa, ikaishia Hamburg na huko nako wanafunzi wakaja kuiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Sasa wale wapagazi wa kwenye maandishi yale ndo walewale Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, ambao kambi yao ilikuwa ng'ambo ya Mnazi Mmoja, na watu wa mji wakalichukua lile neno la Kiingereza wakalitamka kwa ulimi wao likawa Kariakoo. Maelfu kwa maelfu walikufa na homa, kuhara na njaa kwenye vita isiyowahusu. Wana kumbukumbu mbili kwenye mji mmoja, moja wameandikiwa na mshairi wa Uingereza kwenye sanamu, nyingine waliiandika watu wenyewe kwa kinywa na mpaka leo konda anaiita toka Mbagala mpaka Tegeta, Kariakoo Kariakoo Kariakoo. Siku nilipoyaunganisha haya mawili nilikaa chini pale kwenye ngazi za duka nikapiga simu nyumbani Songea nikamweleza mama, hata hakuelewa vizuri ila alifurahi kwa sababu mimi nimefurahi. Hiyo ndo ikawa tasnifu yangu, Kariakoo peke yake, na yale maneno ambayo mji umejiandikia wenyewe. Msimamizi akapitisha wiki ileile.

Halafu yakaja ya vibali. Barua ya chuo, unaipeleka mkoani, mkoa unakupa ya wilaya, wilaya inakupa ya kata, mtendaji wa kata anakupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Tenga mwezi, usiseme wiki. Toa kopi nyingi, mimi kuna ofisi moja barua yangu ilipotea mezani nikaambiwa nianze upya na sikuwa nimebaki na nakala, nikapoteza siku kumi na tisa. Na ukishafika kwa mwenyekiti wa mtaa usiishie kugongewa muhuri, mwombe akutembeze au akupe mtu wa kukutembeza, akishaonekana na wewe barazani umeokoa mwezi mwingine.

Mimi sikufanya hivyo. Niliingia mwenyewe na dodoso langu, maswali ishirini na mbili, la kwanza nyumba hii ilijengwa lini, la pili mwenye nyumba ni nani. Wazee wote wakawa wakavu. Sijui mwanangu. Mwenyewe hayupo. Njoo kesho. Wiki tatu naambulia hayo, nalala nalia, naona watu wa Kariakoo wana roho ngumu. Kumbe ukiangalia Kariakoo ilivyo, kiwanja chenye nyumba ya vyumba sita leo kinaangaliwa na kila mwenye hela anayetaka kupandisha ghorofa, madalali wanashinda kwenye vibaraza, ndugu wanapelekana mahakamani kwa nyumba ya marehemu babu yao, halafu anatokea binti asiyejulikana na karatasi anauliza nyumba ya nani na ya lini. Ungekuwa wewe ungejibu? Aliyenifungua macho ni mama muuza maandazi, ananiambia, "Dada we dalali?" Nikashtuka. Nikalichana lile dodoso palepale.

Nikaanza upya. Naenda nasalimia, shikamoo naitoa vizuri, nakaa, siulizi kitu. Siku ya pili tena. Kilo ya sukari, mche wa sabuni, siyo malipo, ni mkono wa mgeni. Swali langu likawa moja tu, hapa zamani mlikuwa mnaimba nini?

Hapo ndo nikampata bibi mmoja. Jina na mtaa sitaji. Nyumba yake ilikuwa kati ya zile za Kiswahili zilizobaki, ghorofa kushoto ghorofa kulia, jua linaingia uani saa moja tu mchana halafu linafichwa. Unaingia mlango wa mbele, ukumbi mrefu mweusi wa ubaridi, vyumba vitatu huku vitatu huku, kila mlango na pazia lake, halafu unatokea uani, kuna majiko ya mkaa ya wapangaji yamepangwa ukutani, ndoo, kinu kilichopasuka mdomo ambacho siku hizi kinawekewa mkaa. Mimi kwa kuwa ni mwanamke niliruhusiwa kukaa huko nyuma, angekuwa kaka angeishia barazani na asingesikia hata nusu. Anakuna nazi, mguu mmoja umekunjwa juu ya mbuzi, anaongea haangalii, na kila anapofika pahali pazito anasimamisha mkono, nazi inakaa kimya, akimaliza sentensi ndo mkono unaendelea. Nilijifunza kusubiri ule mkono. Akanihesabia wapangaji wa mama yake chumba kwa chumba, Mmanyema, Mluguru, Mdengereko, Mnyamwezi, Mzaramo na fundi cherehani mmoja aliyeondoka na deni, na kila mmoja aliacha neno au wimbo ndani ya nyumba. Siku moja akatoa kanga kwenye sanduku, imepauka, bado unayasoma maandishi yake, Mgeni njoo mwenyeji apone. Akasema mama yake aliivaa kila alipopokea mpangaji mpya, kumwonyesha tu, bila kusema. Miaka mitano ya kusoma fasihi, na nilikuwa sijawahi kuihesabu kanga kuwa ni maandishi ya mji.

Kingine alichonirekebisha ni wanawake. Rasimu yangu yote ilikuwa ya wanaume, dansi, baa, siasa, magazeti. Yeye akanipeleka kwenye vikundi vya ngoma vya kina mama, jinsi walivyoshindana kwa nyimbo na kushona sare, walivyozikana, walivyojua nani yuko wapi mji mzima. Ukilijua hilo ndo unaelewa kwa nini Bibi Titi Mohamed, ambaye kabla ya TANU alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba, aliweza mwaka 1955 kuwaleta wanawake wengi kiasi kile kwenye chama kwa muda mfupi vile. Mtandao ulikuwepo, ulikuwa unaimba. Leo barabara ina jina lake, watu wanapita wanaenda Upanga na Mnazi Mmoja, wachache wanajua ilianzia kwenye ngoma.

Niliongea na yule bibi mara sita, karibu saa nane za sauti, zote kwenye simu yangu. Sikuwa nimezihamishia popote. Najua unasema si ungeziweka hata kwenye laptopu, ni kweli, nilikuwa kila jioni nasema kesho, nimechoka, ndani ya daladala saa mbili nzima, nikifika nalala. Julai 10 mwaka 2021 usiku soko kuu la Kariakoo likaungua. Lile jengo la 1975 lililochorwa na msanifu Beda Amuli, lenye nguzo kubwa zilizofunguka juu kama miavuli ya zege, nilikuwa nimepanga kulianza Jumatatu. Jumapili asubuhi nikaenda na mimi kama watu wengine, tumesimama mbali, moshi, wanawake wanalia mitaji yao, nikapiga picha chache nikaona aibu nikaacha. Wakati narudi, kwenye kugombania gari, simu ikachomolewa kwenye pochi. Sikusikia hata kidogo. Nimekaa siti, naingiza mkono, hakuna.

Siku mbili sikula. Nikaenda kituoni nikaandikisha, nikazunguka kwa mafundi simu nikiahidi laki mbili, naambiwa dada sahau. Nikajipa moyo kwamba bibi yupo, nitarudi, tutaongea tena. Ila nikaona aibu kumwambia, nikasema nipumzike kidogo, nikaenda kwanza nyaraka za taifa pale Upanga mtaa wa Vijibweni, nikakaa na mafaili ya Waingereza wiki tano. Huko nako nilinukuu madaftari mawili kwa penseli bila kuandika namba ya faili juu ya kila ukurasa, ikabidi nirudie siku nne nzima kutafuta karatasi nilizokuwa nimeshazisoma. Andika namba kwanza, ndo unukuu.

Niliporudi Kariakoo mlangoni palikuwa na turubai. Alikuwa ameshazikwa siku tatu nyuma.

Sijui niielezeje ile siku. Nilikaa na kina mama uani palepale, wananipa pole kama mjukuu, na mimi najua nimebeba deni ambalo wao hawalijui. Saa nane za maneno yake mimi nilipewa, nikazipoteza, na nilikuwa na wiki tano za kurudi nisirudi. Mpaka leo nikiona mtu anarekodi mzee kwa simu namuuliza hapohapo, umeshaituma sehemu nyingine? Ukitoka tu getini, tuma kwenye barua pepe yako, bando la elfu moja linatosha. Weka na kwenye flashi. Na usiku huohuo andika hata ukurasa mmoja wa unachokumbuka. Kunukuu saa moja ya sauti kulikuwa kunanichukua saa sita hadi saba, kwa hiyo usizilimbikize, hutazimaliza.

Kilichookoka ni dakika kumi na moja. Siku moja alikuwa ananielezea harusi moja ya zamani na mimi nilicheka sana nikamtumia mdogo wangu kile kipande WhatsApp asikie. Dakika kumi na moja hizo, na madaftari, na alichoniachia kichwani, ndo sura ya nne. Wazee wengine wanne walikubali baada ya hapo, na wote niliwapelekea maandishi niwasomee kabla sijayatumia, wawili walibadilisha mambo.

Hela, kwa wanaouliza, nje ya ada zilinitoka kama milioni moja na laki saba. Nauli na bodaboda ndo zilikula nyingi, halafu kopi, halafu simu mpya, sukari na sabuni hazikufika hata laki. Nilimaliza 2022, mwaka wa sensa, Dar ikahesabiwa watu 5,383,728. Sensa ya 1967 mji huu ulikuwa na watu 272,821. Nikiziangalia hizo namba mbili najua kwa nini nyumba ya vyumba sita haiwezi kubaki, silaumu mtu.

Ile nyumba imeshauzwa. Binti yake bibi amehamia Chanika, mwaka jana nikampelekea nakala ya tasnifu na ile sauti kwenye flashi. Hakusoma, alitaka sauti. Tukakaa jikoni kwake akaisikiliza mkono kwenye shavu mpaka dakika ya saba, hapo mama yake anamtaja jirani mmoja na jambo la siri la ile harusi, akanishika mkono, akasema, "Hapa mwanangu patoe, watoto wa yule mama bado wapo." Nikakikata kile kipande mbele yake, kwenye simu na kwenye flashi, halafu nikamrudishia sauti toka mwanzo, akasikiliza tena mpaka mwisho.